Chumba cha poka cha binafsi: leseni, klabu ya wanachama, meza ya nyumbani au ligi isiyo na dau?

Anayetaka kufungua chumba cha poka karibu kila mara huanza na swali hili: "Poka ni halali?" Mwanasheria makini atamjibu kwa swali jingine, na ana haki. Kucheza ni jambo moja, kuchezesha ni jambo jingine. Nchi nyingi humwacha mchezaji bila kumgusa sana, lakini humbana vikali yule aliyeweka meza, viti, karata na mgawaji, kisha usiku ukiisha akaondoka na fedha. Ndiyo maana mimi huuliza swali moja tu kwa kila anayeniletea wazo hili: mwenye meza anakula wapi?

Katika mashine za kamari na ruleti, nyumba inacheza dhidi ya mteja na hesabu imepangwa iipendelee nyumba. Poka si hivyo. Wachezaji wanakulana wenyewe kwa wenyewe, na nyumba haina karata mkononi. Kwa hiyo nyumba hupata chake kwa njia chache zinazojulikana: kukata asilimia ya dau lililorundikana mezani, yaani reki, kutoza kiti kwa saa au kwa nusu saa, kutoza ada juu ya kiingilio cha mashindano, au kuacha kabisa fedha za mchezo na kuuza vinywaji, chakula na uanachama. Kila mlango kati ya hii unaangukia mahali tofauti kisheria, na anayechagua aina ya chumba anachagua mlango wa kupatia riziki. Mapambo ya chumba na jina la biashara yanakuja baadaye sana.

Kwanza tuiweke pembeni hoja ya ustadi

Nalisema mapema kwa sababu nimeona watu wenye akili timamu wakiweka akiba yao yote juu ya sentensi moja: "Poka ni mchezo wa ustadi, kwa hiyo si kamari." Sehemu ya kwanza naiamini. Anayecheza maelfu ya mikono, yaani mizunguko ya karata, kwa nidhamu humshinda asiyejua, na bahati haiwezi kueleza jambo hilo. Sehemu ya pili ndiyo iliyowaponza wengi.

Tazama kesi ya New York. Mtu mmoja alikuwa akichezesha poka ghalani huko Staten Island na kukata reki ya asilimia 5. Akashtakiwa kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayohusu biashara haramu za kamari. Mwaka 2012 Jaji Jack Weinstein aliandika hukumu ndefu, akapitia takwimu za mikono mingi, akakubali kwamba ustadi ndio unaotawala poka, na akamfutia hatia. Wapenzi wa poka walishangilia. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Majaji wa rufaa hawakuhitaji hata kubishana naye kuhusu ustadi. Walisema tu kwamba sheria ile ya shirikisho inauliza kama biashara inavunja sheria ya kamari ya jimbo, ina watu watano au zaidi wanaoiendesha, na imedumu zaidi ya siku 30 au imeingiza dola 2,000 kwa siku moja. Masharti hayo yakitimia, mjadala wa ustadi hauna kazi.

Uingereza nako ilitokea. Klabu ya poka ya Gutshot, iliyokuwa Clerkenwell jijini London, ilijenga utetezi wake juu ya ustadi, na Januari 2007 juri ikamtia mmiliki hatiani. Sheria iliyotumika pale ilihesabu mchezo unaochanganya bahati na ustadi kuwa mchezo wa bahati. Karata zinachanganywa, kwa hiyo bahati ipo, na kesi ikaishia hapo.

India inaonyesha kitu kingine: jibu hubadilika ndani ya nchi moja. Sheria ya kamari ya West Bengal ya mwaka 1957 inaitaja poka kwa jina miongoni mwa michezo ya karata isiyohesabiwa kuwa kamari. Mahakama Kuu ya Gujarat, mwaka 2017, ilisema poka ni kamari. Karata ni zile zile, kanuni za mchezo ni zile zile, na mpaka wa jimbo ndio unaoamua.

Basi hoja ya ustadi iwe silaha ya mwisho ya wakili wako siku mambo yakiharibika. Usiifanye msingi wa mkataba wa pango.

Njia nne kwa muhtasari

| Njia | Mwenye meza anakula wapi | Kinachoweza kumwangusha |
|---|---|---|
| Chumba chenye leseni | Reki, ada ya kiti, ada ya mashindano | Mtaji, ukaguzi, leseni kutopatikana |
| Klabu ya wanachama | Uanachama na ada ya muda | Tafsiri ya sheria. Mwendesha mashtaka anaweza kubadili msimamo |
| Meza ya nyumbani | Hali kitu | Kiasi chochote anachojikatia |
| Ligi isiyo na dau | Mauzo, wadhamini, mafunzo | Kiingilio kilichojificha |

Michezo ya hisani ina nafasi yake, lakini si biashara. Nitaigusa kwa ufupi.

Leseni: mlango mgumu, usingizi wa amani

Ukipata leseni, swali la mwenye meza kula wapi limeshajibiwa na sheria yenyewe, mara nyingine hadi kwa tarakimu. Jimbo la Nevada, Marekani, linaruhusu reki lakini linaiwekea ukomo wa asilimia 10 ya dau lililo mezani. California, yenye vyumba vya karata vinavyojitegemea nje ya kasino kubwa, imeenda kinyume: ada haiwezi kuwa sehemu wala asilimia ya dau, inapangwa kuwa kiasi maalumu kinachojulikana kabla ya karata kugawanywa. Wachezaji hawa hawa, mchezo huu huu, majimbo mawili yaliyopakana, na kilicho halali kwa mmoja ni kosa kwa jirani yake. Anayenakili mfumo wa biashara kutoka kwenye video ya mtu wa mji mwingine anajitafutia matatizo.

Katika Afrika Mashariki mlango wa leseni ndio mlango mkuu. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Uganda ina bodi yake ya taifa chini ya sheria ya mwaka 2016, ambayo pia ilipandisha umri wa kucheza hadi miaka 25, na mwenye chumba cha poka lazima aujue umri huo kabla hajachapa tangazo la kwanza. Kenya imepitisha Sheria ya Kudhibiti Kamari ya mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1966, kwa hiyo ushauri wowote wa kisheria ulioandikwa kabla ya hapo inafaa usomwe upya mstari kwa mstari.

Leseni inadai nini? Mamlaka itataka kujua fedha za kuanzia zimetoka wapi, nani yuko nyuma ya kila hisa, nani amewahi kutiwa hatiani. Itataka mfumo wa kuhesabu fedha, kamera, vitabu vya mahesabu, na utaratibu wa kuwazuia watoto na watu walioomba wenyewe wasiruhusiwe kucheza. Pia kuna wajibu wa kupambana na utakatishaji wa fedha. Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, vinataka kasino imtambue mteja pale miamala yake inapofika dola au yuro 3,000. Ukipata leseni ya aina hiyo, mtu anayeingia na bahasha ya fedha taslimu, akabadilisha kuwa tokeni za kuchezea, akacheza mikono miwili na kuomba hundi, atakuwa tatizo lako la kuripoti.

Na kuna mahali ambapo leseni haipatikani hata ukiwa na kila kitu. California imesitisha utoaji wa leseni za vyumba vipya vya karata, na sheria iliyotiwa saini mwaka 2023 imesogeza usitishaji huo hadi mwaka 2043. Anayetaka kuingia huko hana budi kununua chumba kilichopo, pamoja na historia yake. Nchi nyingine hutoa leseni ya kasino nzima tu, hakuna ya chumba cha karata peke yake, na hapo mjasiriamali mdogo anajikuta akiulizwa mtaji wa hoteli ili aweke meza nne.

Pamoja na hayo yote, nasema wazi: pale leseni inapopatikana kwa gharama unayoimudu, sioni sababu ya kutazama njia nyingine. Benki itakufungulia akaunti. Bima itakubali kukukatia. Mwizi akija, utapiga simu polisi bila kuogopa nani atakamatwa. Na mchezaji anayepoteza mshahara wake ana mahali pa kulalamika na utaratibu wa kujizuia. Hilo la mwisho silichukulii kuwa nyongeza ndogo. Chumba cha poka kinaishi kwa watu wanaorudi, na miongoni mwa wanaorudi wapo wasioweza kuacha.

Klabu ya wanachama: njia inayovutia kuliko zote, na inayohitaji macho makali

Hii ndiyo wengi huwa nayo kichwani wanaposema "chumba cha binafsi." Mlango una mlinzi, unajiandikisha, unalipa uanachama wa siku, mwezi au mwaka, unalipa kiti kwa saa, na nyumba haigusi hata sarafu moja ya dau. Texas ndiko mfumo huu ulikostawi, na inafaa tuusome vizuri kwa sababu watu wa nchi nyingine wanauiga bila kuona ulivyosimama.

Sheria ya jinai ya Texas, kifungu 47.02, inaanza kwa kusema kucheza karata kwa dau ni kosa. Kisha inatoa utetezi kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mchezo ufanyike mahali pa faragha, asiwepo mtu anayepata faida ya kiuchumi isipokuwa alichoshinda yeye mwenyewe kwa kucheza, na hatari ya kupoteza na nafasi ya kushinda ziwe sawa kwa wote, ukiacha ustadi na bahati. Klabu zinasema: mlango wetu ni wa wanachama, kwa hiyo ni faragha; hatukati reki, kwa hiyo hatufaidiki na mchezo; nyumba haichezi, kwa hiyo nafasi ni sawa.

Soma tena sharti la pili. "Faida ya kiuchumi" haikutaja reki. Mwendesha mashtaka anaweza kusema ada ya kiti ni faida ya kiuchumi, na hesabu inampa nguvu. Chukua meza ya watu tisa, kila mmoja analipa 10 kwa saa: nyumba inapata 90. Sasa chukua meza hiyo hiyo inayocheza mikono 30 kwa saa, wastani wa dau mezani ukiwa 60, na reki asilimia 5: kila mkono unatoa 3, kwa saa ni 90. Mwenye meza amekula kiasi kile kile. Klabu itajibu kwamba kiti kinalipwa hata ukikaa bila kucheza, kama vile ukumbi wa biliadi unavyotoza meza, na jibu hilo lina uzito wake. Mimi naliona ni jibu zuri. Lakini jibu zuri bado linahitaji jaji wa kulikubali.

Utetezi, kwa lugha ya mahakama, si ruhusa. Ruhusa unayo kabla hujaanza. Utetezi unautoa baada ya kukamatwa, vifaa vimechukuliwa, akaunti imefungwa, na wateja wamesoma jina lako kwenye habari. Mei 2019 polisi walivamia vilabu viwili maarufu vya Houston, Prime Social na Post Oak, na watu tisa wakakabiliwa na mashtaka yaliyojumuisha utakatishaji wa fedha. Julai mwaka huo huo mashtaka yakafutwa. Wengi walilitangaza hilo kuwa ushindi wa poka, na hapa ndipo nataka msomaji asimame: mashtaka yalifutwa kwa sababu ya mgongano wa maslahi uliohusisha mtu aliyekuwa akifanya kazi ya mkataba na ofisi ya mwendesha mashtaka. Hakuna mahakama iliyosema siku ile kwamba mfumo wa ada ya kiti ni halali.

Dallas ilifundisha jambo jingine. Jiji liliipa klabu ya Texas Card House cheti cha kuruhusu matumizi ya jengo huku likijua kitakachofanyika humo. Baadaye maofisa wakakibatilisha cheti kile kile, wakisema ndani kuna kamari haramu. Bodi ya rufaa ya majengo ikaipendelea klabu, jiji nalo likaenda mahakamani dhidi ya bodi yake lenyewe. Mwenye klabu aliomba kibali, akaeleza ukweli, akapewa, akatumia mtaji, na bado akajikuta kwenye kesi. Kibali cha jengo kinahusu jengo. Hakimfungi mikono mwendesha mashtaka, na hata aliyekitoa anaweza kukifuta.

Anayedhani angalau Uingereza itakuwa rahisi kwa kuwa vilabu vya wanachama ni desturi ya zamani huko, asome Sheria ya Kamari ya mwaka 2005. Klabu ya wanachama inaruhusu poka, ndiyo. Lakini klabu hiyo haiwezi kuwa imeanzishwa hasa kwa ajili ya kamari, isipokuwa kwa michezo ya karata ya bridge na whist. Inatakiwa iwe na wanachama wasiopungua 25 na shughuli nyingine za kweli. Bila kibali cha ziada, dau la poka halizidi pauni 10 kwa mtu, na kwa klabu nzima pauni 250 kwa siku na 1,000 kwa wiki. Klabu ya poka ya kibiashara haipiti katika tundu hilo. Klabu ya wafanyakazi wastaafu yenye meza mbili za poka Ijumaa jioni inapita, na sheria ilikusudia ipite.

Je, niseme usifungue klabu? Sisemi hivyo. Nasema ifungue pale tu ambapo una maoni ya kisheria ya maandishi yanayotaja kifungu, unajua msimamo wa sasa wa mwendesha mashtaka wa eneo lako, na mtaji wote uliowekwa unaweza kupotea bila kuiangusha familia yako. Na ukishafungua, usivunje sharti lako mwenyewe. Nimeona vilabu vilivyoanza kwa ada ya kiti safi kabisa, kisha mwezi mmoja biashara ikalegea, meneja akaanza "kachangio kadogo" kutoka kwenye dau ili kulipa zawadi ya mkono mkubwa wa wiki. Kachangio hako kamefuta utetezi wote. Kiti cha mgeni kinacholipiwa mlangoni kwa dakika mbili bila kuulizwa chochote nacho kinaharibu sharti la faragha: mahali anapoingia yeyote mwenye fedha ni mahali pa umma, hata ukabandika neno "wanachama" juu ya mlango.

Meza ya nyumbani

Rafiki zako sita, karata, kila mtu ameleta chake, aliyeshinda ameondoka nacho. Sheria nyingi hulivumilia hili au hulilinda waziwazi. Uingereza inaliita kamari ya faragha na sharti lake ni kavu: hakuna kutoza ushiriki, na kukata sehemu ya dau au ya ushindi kunahesabiwa kuwa kutoza. Hapo mwenye meza hali kitu.

Kwa hiyo si biashara, na kosa linazaliwa mtu anapojaribu kuifanya iwe. Huanza kwa kuchangia pizza. Kisha mchango wa pizza unakuwa mkubwa kuliko pizza. Kisha mgawaji analipwa bakshishi, na mgawaji ni mdogo wake mwenye nyumba. Kisha kuna kundi la ujumbe lenye watu 80 na ratiba ya Jumanne na Alhamisi. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua kuvunja sheria, ila amefika.

Wala usidhani kuta za nyumba zinatosha kila mahali. South Carolina ilikuwa na sheria ya tangu mwaka 1802 dhidi ya michezo ya karata katika nyumba inayotumika kuchezea kamari. Wachezaji waliokamatwa mwaka 2006 kwenye mchezo wa nyumbani huko Mount Pleasant walipigana hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na Novemba 2012 wakashindwa. Mchezo wao ulitangazwa mtandaoni na mwenye nyumba alikuwa akikata kidogo.

Ligi isiyo na dau, na usiku wa hisani

Kamari katika sheria nyingi ina miguu mitatu: mtu anatoa kitu cha thamani ili aingie, bahati inachangia matokeo, na kuna zawadi. Ligi ya bure inakata mguu wa kwanza. Unakaa, unapewa tokeni zisizo na thamani, unacheza, mwisho wa msimu mshindi anapata zawadi iliyotolewa na mdhamini au na baa iliyowakaribisha. Fedha zinatoka kwenye mauzo ya kaunta, wadhamini, madarasa ya poka na kukodisha meza na wagawaji kwa sherehe za kampuni.

Naipenda njia hii kuliko wengi wanavyoipenda, kwa sababu inajenga kitu ambacho leseni haiwezi kukununulia: wachezaji wanaokujua, wagawaji waliozoea kazi, na sifa ya kuendesha mchezo bila wizi. Wachezaji wenye uchu wa dau kubwa watakuacha. Waache waende. Kipato ni kidogo na kinategemea siku za wiki ambazo baa ingekuwa tupu.

Mtego wake ni mmoja: kiingilio kilichojificha. "Hakuna kiingilio, ila lazima ununue vinywaji viwili" ni kiingilio. "Ukinunua chakula unaongezewa tokeni" ni kiingilio, na mahali pengi ndipo mkaguzi anapoanzia. Baa za Uingereza zinaruhusiwa hata dau dogo, pauni 5 kwa mtu kwa mchezo na pauni 100 kwa siku kwa baa nzima, bila ada ya kushiriki na bila kukata chochote.

Michezo ya hisani inahitaji shirika la hisani la kweli, kibali chake, na hesabu inayoonyesha fedha zimekwenda wapi. Ukiwa mwajiriwa wa kuandaa, unalipwa ujira uliokubaliwa pale sheria inaporuhusu. Ukitaka kuimiliki, umekosea mlango.

Na programu za simu?

Wengine hudhani wamepata njia ya tano: kundi la faragha kwenye programu ambayo tokeni zake "hazina thamani," na wakala anayelipana na wachezaji pembeni kwa simu. Hiyo ni biashara ya kamari isiyo na leseni yenye kumbukumbu kamili za kila muamala, tayari kwa mpelelezi. Aprili 15, 2011 Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya waanzilishi wa PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker, na sehemu kubwa ya mashtaka ilihusu fedha zilivyopitishwa benki, chini ya sheria ikiwemo ya mwaka 2006 ya malipo ya kamari mtandaoni. Makampuni yenye mawakili wengi yaliangukia kwenye njia ya malipo. Wakala mwenye simu mbili hatapona kwa sababu ni mdogo.

Yasiyotofautiana sana kati ya njia hizi

Pango: soma kifungu cha matumizi haramu. Mwenye jengo anaweza kukutoa kwa tuhuma tu, na hasara ya ukarabati inabaki yako. Mwambie ukweli kabla ya kusaini, kwa maandishi.

Mikopo kwa wachezaji: usikopeshe. Katika nchi nyingi deni la kamari halidaiki mahakamani. England ilikuwa hivyo tangu sheria ya mwaka 1845 na ikabadilika Septemba 2007 tu, pale Sheria ya Kamari ya 2005 ilipoanza kutumika. Asiyeweza kudai mahakamani hushawishika kudai kwa njia nyingine, na hapo biashara imekuwa kitu kingine kabisa.

Kodi: kipato kinatozwa kodi hata kama uhalali wake unabishaniwa. Anayeficha mauzo kwa kuogopa swali la kamari anaongeza kosa la pili ambalo ni rahisi kulithibitisha kuliko la kwanza.

Kwa hiyo uchague ipi?

Una mtaji, una subira ya mwaka mzima au zaidi, na nchi yako inatoa leseni ya karata: nenda kwenye leseni, na usichezeshe mkono mmoja wa dau kabla haijatoka, maana historia hiyo ndiyo itakayochimbwa kwenye ombi lako. Huna mtaji huo lakini una watu na unajua mchezo: anza ligi ya bure, weka mahesabu kana kwamba tayari unakaguliwa, na tumia miaka hiyo kutafuta mshirika wa leseni. Uko mahali penye utetezi wa aina ya Texas: klabu inawezekana, kwa mtaji wa kupotea na wakili aliye tayari. Unataka tu kucheza na marafiki: cheza, na usijikatie chochote.

Usiende kwa wakili na swali la kama poka ni halali. Mchoree meza. Mwonyeshe mchezaji anaingia na fedha ngapi, anamlipa nani, lini, kwa jina gani, na kila sarafu inayobaki kwako inatoka mkononi mwa nani na wakati gani wa mchezo. Mwombe ajibu kwa maandishi, ataje kifungu, na aseme kama kinakupa ruhusa au utetezi tu. Kisha muulize jambo la mwisho, na msikilize vizuri anavyojibu: polisi wakiingia saa tano usiku meza zimejaa, nani atakamatwa kwanza, mimi, mgawaji wangu, au wachezaji wangu?